Nani Aliyeiona Njia Kwanza?



Mwaka mmoja, katika mashindano ya baiskeli ya shule za huku kwetu Nchelenge, msichana wa darasa la 11 alivuka Ziwa Mweru alfajiri kutoka kisiwani, baiskeli yake imelazwa juu ya magunia ya samaki wakavu. Alifika pwani jua likichomoza, akajipangusa maji, akasimama kwenye mstari pamoja na wenzake. Njia ilianzia kwenye mchanga wa ufukweni, ikapita kati ya mashamba ya mihogo, kisha ikateremka ghafla nyuma ya kichuguu kikubwa, mahali palipochimbwa mtaro wa maji ya mvua. Vijana wa shule mwenyeji walipokikaribia kichuguu walishika breki, wakaukwepa mtaro kwa upande wa kushoto, wakaendelea. Msichana yule, aliyekuwa ametangulia mbele yao, aliingia mtaroni mzimamzima.

Alimaliza wa saba, goti likivuja damu. Nilipompa pole alinijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu, wenzangu hawakunishinda. Mtaro ndio ulionishinda."

Baadaye nilikuja kujua kwamba wanafunzi wa shule mwenyeji walikuwa wamepitishwa katika njia ile kila jioni kwa wiki nzima. Nilimwendea mmoja wa waandaaji nikamweleza kwamba jambo hilo halikuwa la haki. Akatabasamu, akasema: "Mwalimu, njia ilikuwa wazi kwa wote."

Ninaandika leo ili kuipinga sentensi hiyo. Ni sentensi fupi, yenye adabu, na ukiitazama juujuu ni ya kweli. Hakuna aliyeweka lango wala askari kwenye njia ile. Hata hivyo, ni miongoni mwa sentensi zinazoficha dhuluma nyingi duniani, na raia asiyejifunza kuitambua atadhulumiwa huku akishukuru. Ili tuielewe vizuri, nitawapeleka kwanza katika mchezo ambao baadhi yenu huutazama kwenye simu, mchezo ambao mabingwa wake hulipwa mishahara lakini bado wanabishana juu ya mtaro uleule wa msichana wetu.

Mchezo huo unaitwa enduro, nao ni wa baiskeli za milimani. Mashindano hugawanywa katika vipande kadhaa viitwavyo hatua. Kila hatua kwa kawaida huteremka mlima kupitia mawe, mizizi, tope na kona kali. Mwendeshaji huanza peke yake, saa ikimhesabia. Akifika mwisho wa hatua saa husimama, naye hujikokota kupanda mpaka mwanzo wa hatua inayofuata. Muda wa hatua zote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Msururu wake wa kimataifa, Enduro World Series, ulianza mwaka 2013. Tangu 2023 ni Kombe la Dunia chini ya Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, yaani UCI.

Zingatieni jambo moja. Katika mbio za barabarani mwendeshaji huwaona wapinzani wake, akawafuata na kuwakimbia. Katika enduro yuko peke yake na mlima. Kwa hiyo, anayeujua mlima amekwisha kumjua mpinzani. Tufanye hesabu ya mfano: hatua tano, na katika kila hatua kona kumi ambazo hazionekani mpaka uzifikie. Mgeni akisita nusu sekunde tu katika kila kona, amepoteza sekunde 25. Katika mchezo ambao mara nyingi wa kwanza na wa pili hutenganishwa na sekunde chache, 25 ni tofauti ya kuwa bingwa na kutokutajwa kabisa. Na sekunde hizo hazikupotea kwa sababu ya miguu dhaifu au moyo mwoga. Zimepotea kwa kutokujua.

Waandaaji wanalifahamu jambo hili. Ndiyo maana kwa desturi huweka mazoezi rasmi kabla ya mashindano, ambapo kila mwendeshaji huipita kila hatua mara moja, au mara chache zilizowekewa mpaka. Kanuni hiyo ni nzuri. Tatizo ni kwamba ukuta una mlango mmoja uliofungwa na madirisha mengi yaliyo wazi.

Dirisha la kwanza ni kwamba njia nyingi za milimani ni za umma. Mwezi mmoja kabla ya mashindano, mtu yeyote anaweza kuzipita kama mtalii. Dirisha la pili ni simu: programu kama Strava na Trailforks zinaonyesha njia za mlima mzima, na mwenye uzoefu anaweza kukisia zipi zitachaguliwa. Dirisha la tatu ni kamera ndogo inayofungwa kwenye kofia. Timu yenye watu wa kutosha inaweza kumtuma mmoja wao apige picha za kila mzizi, kisha bingwa wake akazitazama hotelini mpaka akazikariri kama mnavyokariri ngeli za nomino. Dirisha la nne ni mazoea, yaani mashindano kurudishwa kwenye mlima uleule mwaka baada ya mwaka, mpaka wenyeji wake wakaijua kila hatua gizani.

Madirisha yote manne yako wazi kwa wote. Lakini yanahitaji ngazi, na ngazi huuzwa.

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Ulaya, yatatuhusu nini sisi wa Mweru? Basi tutazame mashariki yetu, Kenya, ambako swali hilihili liliulizwa kwa magari muda mrefu kabla enduro haijazaliwa.

Mbio za magari za Safari Rally zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa karibu miaka ishirini hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyezishinda. Madereva mashuhuri wa Ulaya walikuja na magari mazuri, wakarudi bila ushindi. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa gari la Volvo ambalo tayari lilikuwa limetumika katika mashindano mengine. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland kutoka Tanzania, kwa Peugeot. Madereva hawa waliishi na barabara zile. Walijua udongo mweusi unavyogeuka gundi mvua inaponyesha, na walijua mto upi hujaa saa moja tu baada ya wingu kuonekana mlimani.

Kisha mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akashinda kwa Ford Escort, wa kwanza kutoka ng'ambo. Uwezo wake mkubwa haukanushiki. Lakini timu za viwanda nazo zilikuwa zimejifunza somo: zilikuja wiki nyingi kabla, zikazipita barabara tena na tena, zikaandika daftarini kila kona na kila korongo. Katika miaka iliyofuata zilileta hata helikopta, zikaruka mbele ya magari kuwaonya madereva juu ya wanyama na magari mengine, kwa kuwa barabara zilibaki wazi kwa umma. Wenyeji hawakutoweka mara moja. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, mwaka 1973 na tena mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Lakini alishinda akiwa na kiwanda nyuma yake. Ian Duncan wa Kenya alishinda mwaka 1994. Tangu hapo, kila mbio hizo zilipokuwa sehemu ya ubingwa wa dunia, taji limechukuliwa na wageni.

Zilipoondolewa katika ubingwa huo baada ya 2002 na kurejeshwa mwaka 2021 huko Naivasha, zilirejea na kanuni ya ukaguzi wa njia inayotumika katika ubingwa mzima. Kila dereva na mwelekezi wake huipita kila hatua mara mbili tu, siku zilizopangwa, kwa mwendo uliowekewa mpaka. Tazameni maana yake. Mchezo wenye fedha nyingi kuliko enduro ulikiri kwamba kuiona njia ni sehemu ya mashindano, na kwamba sehemu ya mashindano lazima ipimwe kama sehemu nyingine. Hatumruhusu mtu aanze mita hamsini mbele ya wenzake kwa hoja kwamba uwanja ni wa wote. Basi kwa nini tumruhusu aanze wiki tatu mbele?

Sasa nisikilize hoja za upande wa pili, maana mjadala wa kistaarabu hauwi mjadala bila kuzisikiliza.

Hoja ya kwanza ni ya usalama. Wanasema kumtupa mtu mlimani asioujua ni kumtakia kuvunjika mifupa. Hoja hii ni ya kweli, nami nimeliona goti la msichana wetu. Ndiyo maana sisemi mazoezi yafutwe. Nasema yagawanywe sawa. Kama kuiona njia kunamlinda mtu, basi ulinzi huo ni haki ya kila mshiriki, wala haufai kuwa bidhaa ya wenye nafasi. Anayetumia usalama kutetea mazoezi ya siri anatuambia, bila kukusudia, kwamba mifupa ya wageni ni rahisi.

Hoja ya pili ni ya bidii. Wanasema aliyefika mapema amejituma, na aliyejituma alipwe. Nami naiheshimu bidii. Ningekuwa mwalimu wa aina gani nisipoiheshimu? Lakini tuutofautishe ujuzi wa kuishi na ujuzi wa kununua. Mvuvi wa Kashikishi anajua upepo wa ziwa hili utageuka saa ngapi. Aliujua kwa miaka ya kuloa na kukosa usingizi, na hakuna anayemwita mwizi. Joginder Singh na wenzake walikuwa na ujuzi wa namna hiyo. Hata wale vijana wa shule mwenyeji, kama wangeijua njia kwa kuipita kila siku wakienda shambani, nisingesema neno. Kilichonikera ni kwamba walionyeshwa njia na walewale walioichagua, kabla wengine hawajaambiwa itapita wapi. Hapo mwamuzi alikwisha kuwa mchezaji.

Tena bidii ya kufika mapema ina bei. Mwendeshaji wa Ufaransa anayetaka kuujua mlima wa Italia huingia garini asubuhi, akavuka mpaka bila kusimamishwa, akalala nyumbani kwake usiku. Mwendeshaji wa Kenya au wa Zambia anayetaka siku zilezile huomba viza, huonyesha akiba yake ya benki, hulipia ndege na malazi, na huenda asipewe hiyo viza. Wote wawili wameambiwa kwamba njia iko wazi. Msichana wetu angehitaji kulipa nauli ya mashua kwenda na kurudi kila jioni kwa wiki nzima. Tukiyaita hayo uvivu, tumelipoteza neno uvivu.

Hoja ya tatu ni ya wanaokata tamaa: mlima hauna ufunguo, nani atawazuia? Kweli hakuna sheria isiyovunjwa. Lakini hatujafuta mitihani kwa sababu wapo waibao mitihani. Tunabadilisha karatasi, tunazifunga, tunawaadhibu wanaozifungua, na tunatunga maswali yasiyokaririka. Ugumu wa kulinda haki ni sababu ya kuongeza walinzi, na tangu lini ukawa sababu ya kuibomoa nyumba?

Nisije nikalaumiwa kwamba napiga kelele bila kutoa dawa, haya ndiyo ninayoyadai.

Kwanza, njia itangazwe kwa wote siku moja na saa moja, na kwa kuchelewa kadiri usalama unavyoruhusu. Siri inayojulikana na wachache ni mbaya kuliko kutokuwa na siri.

Pili, mazoezi rasmi yawe mafupi na sawa kwa idadi. Wapo wanaodai siku nyingi za mazoezi kwa jina la usawa. Wanakosea, kwa kuwa kila siku ya ziada ni hoteli ya ziada na chakula cha ziada, na mwenye mfuko mwepesi ndiye hukunja virago kwanza.

Tatu, waandaaji wenyewe wapige picha za video za kila hatua na kuzitoa bure kwa kila mshiriki kwa wakati mmoja. Jambo hili ni rahisi, nalo linapunguza thamani ya mpelelezi aliyetumwa na timu tajiri. Kinachopatikana bure hakiuziki.

Nne, anayekamatwa akiifanyia mazoezi njia iliyokwisha kufungwa aongezewe muda mkubwa wa kutosha kuyameza yote aliyoyapata, na asipotii aondolewe. Adhabu ndogo kuliko faida ni ada tu, na matajiri hawaogopi ada.

Tano, milima izungushwe. Mwenyeji ana haki ya kufurahia nyumba yake, lakini wenyeji nao wapokezane. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika bara la Afrika, ingawa yamekuwapo tangu 1921. Kwa mara moja, waliolazimika kuvuka bahari ili kuzijua kona na vilima walikuwa wengine. Haki haikukamilika kwa wiki moja, lakini dunia ilionja kidogo ladha ya kuwa mgeni.

Wanafunzi wangu, sasa tuiache baiskeli iegemee mwembe, tuzungumze juu yetu.

Kuna siku mtafanya mtihani wa taifa. Mkisikia kwamba kundi fulani limeiona karatasi usiku wa kuamkia mtihani, mtakasirika, na mtakuwa na haki. Lakini mtakasirika vivyo hivyo mkisikia kwamba tangazo la nafasi za masomo lilibandikwa siku moja tu, kwenye ubao wa ofisi ya mbali, na waliolisoma ni watoto wa waliolibandika? Kuna siku mtaomba zabuni ya kuiuzia shule madawati. Itasemwa kwamba zabuni ilikuwa wazi kwa wote. Ulizeni ilitangazwa lini, wapi, kwa lugha gani, na nani alijua wiki tatu kabla. Haya ndiyo maswali ya raia. Mwizi wa zamani alivunja mlango; wa siku hizi huuacha wazi, akahakikisha kwamba wewe hujui uko wapi.

Nchi yetu ya Zambia ilipitisha sheria ya upatikanaji wa taarifa mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya wananchi kuidai. Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi za umma. Kwangu mimi, hiyo ni sheria ya kuionyesha njia kwa wote kabla ya kipenga. Lakini sheria iliyolala kabatini ni kama video ya hatua isiyotazamwa na mtu. Inawahitaji watu waiombe, wasome wanachopewa, na waulize kilichoachwa nje.

Methali yetu yasema kutangulia si kufika. Ni methali ya faraja, na kwa mwenda kwa miguu ni ya kweli. Lakini aliyetangulia kuiona njia, huku wengine wakifichwa, mara nyingi hufika, akapanda jukwaani, akapewa kikombe, akatuhubiria juu ya bidii. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba siku ya mashindano inapima kile inachodai kupima. Kama tunataka kujua nani ana miguu, basi tuwape wote macho.

Yule msichana alirudi kisiwani jioni ileile, baiskeli yake juu ya mashua, gurudumu la mbele limepinda. Mwaka uliofuata waandaaji walikubali, baada ya mabishano marefu, kwamba kila shule ipite njia mara moja asubuhi ya mashindano, wote pamoja, polepole, mwalimu mmoja akionyesha mitaro na mashimo. Ilichukua muda usiozidi saa moja wala haikugharimu hata ngwee moja. Ndipo nilipojua kwamba haki ile haikuwa ghali hata kidogo. Tulikuwa hatujaiomba tu.

Maswali ya mjadala

1. Mwandishi anatofautisha "ujuzi wa kuishi" na "ujuzi wa kununua". Toa mfano mmoja wa kila aina kutoka kijijini au mtaani kwako. Je, mpaka kati yake uko wazi daima?

2. Jaribu kumpinga mwalimu: andika aya moja ukimtetea mwendeshaji anayefika mlimani wiki tatu kabla ya mashindano. Tumia angalau viunganishi vitatu.

3. Tafuta tangazo moja la umma lililobandikwa mwezi huu karibu nawe. Liliwekwa wapi, kwa lugha gani, na ni nani asingeweza kulisoma?